Kumi na Tatu, Si Kumi na Moja

Mwezi uliopita Swaleh alinipigia simu nikiwa katikati ya shamba la watu, nimesimama baina ya ndugu wawili waliokuwa wakigombania mpaka. Akaniambia, "Asalamu aleikum, Imali. Wanabomoa chumba." Hakusema chumba gani na mimi sikumuuliza. Kuna chumba kimoja tu ambacho mimi na Swaleh tunaweza kukiita hivyo bila kuongeza neno, nacho kilikuwa mtaa wa Shieywe, Kakamega, nyuma ya duka la ushonaji la Mama Rasoa. Niliwaambia wale ndugu wanipe dakika tano, nikaenda kukaa kwenye tuta la viazi. Jumapili iliyofuata tukakutana pale wanne wote. Swaleh alitoka Mumias, ambako sasa ana duka lake la vitabu. Shikanga alitoka Isecheno, bado anaongoza wageni msituni, kelele zake zile zile. Lihanda alikuja kutoka Nairobi na kitambi na miwani. Nusu ya mabati ilikuwa imeshang'olewa. Swaleh akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya kikombe cha chai kwenye kona, akanikabidhi. "Hii ni yako," akasema, "nimekuwekea miaka hii yote." Niliifungua, nikaona saini zetu za wino, nikalia palepale kwenye vumbi. Sikuona haya. Ile karatasi ndiyo iliyonifanya niwe mtu.

Lazima nieleze mchezo wenyewe, maana hata mama yangu alikufa akiamini kwamba nilikuwa naenda kwa mkutano wa maombi. Ni mchezo wa mezani. Kila mchezaji anabuni mtu wake, anampa jina na kazi, kisha anaandika kwenye karatasi nguvu zake na ujuzi wake, kila kitu kwa tarakimu. Mmoja anakuwa msimulizi. Anawaambia mko wapi na mbele yenu kuna nini, nanyi mnasema mtafanya nini. Jambo likiwa na shaka unatupa dadu yenye pande ishirini, unajumlisha na tarakimu zako, na ukifikia kiasi alichotaja msimulizi umefaulu. Basi. Msimulizi wetu alikuwa Swaleh, ambaye wakati huo alikuwa akipiga fotokopi katika duka la vifaa vya shule mjini, na kwa hiyo hatukukosa karatasi hata siku moja. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafundishwa kushona na Mama Rasoa, na ukuta uliotutenga na chumba cha Swaleh ulikuwa wa mbao nyembamba. Jumapili duka likifungwa nilibaki kupiga pasi sare za wanafunzi. Wiki tatu mfululizo nikawasikia wanaume wazima wakibishana kama mamba anaweza kupanda mti. Wiki ya nne sikuvumilia. Nikagonga ule ukuta, nikawaambia mamba hapandi mti, wamalize. Ndipo Swaleh akasema, "Ingia basi, dada, utusaidie."

Chumba kilikuwa na kitanda nyuma ya pazia la maua, meza ya ubao uliopigiliwa misumari juu ya kreti mbili, na dirisha moja lililotazama mbuyu wa maji taka wa jirani, samahani, bomba la maji taka, Shikanga ndiye aliyeliita mbuyu na sote tukazoea. Swaleh alikuwa anapika obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya mrenda kabla hatujaanza, kisha chai ya maziwa mengi katikati ya mchezo, na ole wako uangushe tonge juu ya karatasi ya mwenzako. Kulikuwa na taratibu za meza ile ambazo sijaziona kwingine. Ya kwanza, hali ya hewa ya mchezo ilikuwa ile ya nje. Mvua ikinyesha Shieywe, basi inanyesha pia katika msitu wetu wa kubuni, na mnalowa. Ya pili, penseli ilikuwa ya mchezaji na kalamu ya wino ilikuwa ya meza. Tarakimu zako unaziandika kwa penseli, unafuta, unarekebisha. Lakini kitu ulichopewa na hadithi yenyewe, kitu ulichokitolea jasho, kinaandikwa kwa wino na kila mtu mezani anatia saini, na hakuna wa kukifuta. Ya tatu, mtu wako akifa, karatasi yake inawashia jiko la chai. Hurudishiwi. Unaanza upya na mtu mwingine asiyejulikana na yeyote.

Mtu wangu aliitwa Muhonja, mwanamke mwenye fahali wa kupigana. Shikanga alilalamika siku nzima. Alisema kwao Isukha mwanamke hashiki kamba ya fahali, na mimi nikamwambia ndiyo maana namtaka. Fahali nikamwita Kontena. Swaleh akasema katika dunia ile hakuna makontena, nikamwambia sasa liko moja. Tatizo langu lilikuwa hesabu. Kidato cha nne nilipata D ya hisabati, na D hiyo ilinifungia kila mlango nilioutaka. Fomu ya kurudia mtihani nilikuwa nayo, iko chini ya godoro, imekaa huko mwaka mzima kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa na walimu, na binamu, na mimi mwenyewe, kwamba hesabu hazinipandi. Swaleh hakuwahi kunijumlishia hata mara moja. Alinisukumia penseli tu na kusema, "Hatuna haraka, mchezo hauendi popote." Na kweli walingoja. Walikunywa chai wakingoja. Kufikia Desemba nilikuwa najumlisha bila kutumia vidole, na mwezi huo Muhonja aliwashinda kwa maneno wazee wa msituni wakampa kengele ya kumvisha fahali wake, inayoongeza mbili. Ikaandikwa kwa wino. Saini nne. Nguvu za Kontena sita, ujuzi wa Muhonja tano, kengele mbili. Kumi na tatu. Niliijumlisha mwenyewe mara tatu usiku ule kitandani, kwa raha tu.

Januari Lihanda akaja na programu yake. Lihanda alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari. Alikuwa anaingiza uzito wa miwa kwenye kompyuta, na hayo majedwali ya kompyuta alikuwa anayajua kuliko anavyomjua mama yake. Alikuwa amefanya kazi Krismasi nzima. Aliziweka kwenye simu zetu moja moja kwa fahari, na mimi sitamdhihaki kwa hilo, ilikuwa kazi ya mapenzi. Ulimwingiza mtu wako humo, ukaweka tiki kwenye vijisanduku. Una kengele, tiki. Umejeruhiwa, tiki. Kuna mvua, tiki. Unaandika kiasi alichotaja Swaleh, kisha unabonyeza kitufe kimoja chekundu, simu yenyewe inatupa dadu, inajumlisha, inakuletea jumla na hukumu. UMEFAULU au UMESHINDWA. "Si mnaona?" alisema Lihanda. "Hakuna tena kungoja mtu anahesabu." Hakunitazama aliposema hivyo, na kutonitazama kwake ndiko kulikoniambia yote. Wiki iliyofuata nilikuwa dukani napiga pasi mapema, wao wameshafika upande wa pili, nikasikia Shikanga akiuliza kwa nini tusibaki na karatasi. Lihanda akamjibu kwa sauti ya chini, "Wacha hivyo. Hii nimeifanya kwa ajili ya Imali. Hesabu hazimpandi, na anaonanga haya." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niliunguza kola ya sare ya mtoto wa watu, na Mama Rasoa akanifokea Jumatatu yote.

Nilivyoichukia programu ile siwezi kueleza. Leo natumia mashine za kupimia ardhi zinazoongea na setilaiti, na ninazipenda, kwa hiyo msiniite mshamba. Nilichochukia ni kwamba sikumjua tena mtu wangu. Zamani ningekuambia Muhonja ana tano kwa sababu alilelewa kwenye zizi, na kwamba alikuwa na nne hadi siku alipovunjwa mkono na fahali wa jirani akajifunza. Kwenye simu tano ile haikuonekana. Hakuna kilichoonekana ila jumla. Nilibonyeza chekundu na kungoja hukumu. Siku moja nilitaka Muhonja amvalishe kengele mtoto aliyepotea ili asikike porini. Simu ikakataa, kengele ni ya fahali. Nikamwambia Swaleh, yeye akasema inawezekana kabisa, lakini Lihanda akasema haina nafasi yake humo, atabidi aandike upya sehemu nzima. Basi mtoto akatembea bila kengele. Hata mazungumzo yetu yalipungua. Zamani tulikuwa tunabishana juu ya kila namba, na katika ubishi huo ndimo hadithi ilimokuwa ikikaa. Sasa tulikuwa watu wanne tumeinamisha vichwa, kila mmoja na mwanga wake usoni, na mrenda unapoa.

Mvua za masika zikaanza, na ninyi mnaijua Kakamega. Saa tisa alasiri inakuja, inapiga mabati hadi msimulizi anapayuka ndipo asikike. Tangu Machi hatukuwa na Jumapili kavu. Na tangu Machi tulianza kushindwa. Tulishindwa na mbwa mwitu, na mito, na mlango uliofungwa kwa komeo la mti tu. Mwindaji wa Shikanga, aliyekuwa na nguvu ishirini na ambaye hatukuwahi kumwona akitetemeka, alimezwa na chatu mwezi wa tano, na karatasi yake ikachemsha chai ambayo Shikanga alikataa kuinywa. Akamgeukia Swaleh. "Wewe umetuchoka," alimwambia. "Unatutajia viasi vikubwa makusudi." Swaleh akaapa kwamba viasi ni vilevile vya mwaka jana. "Basi ni bahati mbaya," akasema Lihanda. "Programu haikosangi." Nami nilikubali. Hilo nalisema kwa uchungu. Nilikubali kwa sababu nani mimi, mtu wa D, wa kuuliza jibu limetoka wapi?

Jumapili yenyewe ilikuwa ya Agosti. Lihanda alikuwa ameleta kuku, na ingokho ilikuwa inachemka polepole jikoni tangu adhuhuri, chumba kizima kinanukia. Muhonja alikuwa amefika uwanja wa wazee wa msituni kumpambanisha Kontena na fahali wao, ambaye hajawahi kushindwa. Akishinda, kijiji chake kinarudishiwa mto. Akishindwa, anakanyagwa, anakufa. Swaleh alitaja kiasi mbele ya wote kabla ya chochote, ishirini na moja. Kisha akafunika simu yangu kwa kiganja. "Kifo hakitupwi na simu," akasema. Akafungua kibati cha tumbaku, akatoa ile dadu ya zamani ambayo hatukuwa tumeigusa tangu Januari. Niliipuliza, nikaitupa. Tisa. Nikaiandika tisa kwenye simu, mahali pa kuingiza dadu ya mkono, nikaweka tiki zangu, kengele, mvua, nikabonyeza chekundu. Ishirini. UMESHINDWA.

Shikanga akashika kichwa. Lihanda akaniambia pole, na Swaleh, ambaye sheria zake alizitii hata zilipomuumiza, akanyoosha mkono polepole kuelekea mkoba wangu, kwa sababu alijua karatasi ya Muhonja bado niliibeba. Mimi nilikuwa natazama ile dadu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane kuona tarakimu iliyoingia na tarakimu iliyotoka kwa wakati mmoja. Tisa imeingia. Ishirini imetoka. Basi simu imeniongezea kumi na moja. "Ngoja," nikasema. Swaleh akasimamisha mkono. "Mimi si kumi na moja. Mimi ni kumi na tatu."

"Imali, wacha," akasema Lihanda, kwa upole wake ule ule. "Umechanganya."

Mwaka mmoja kabla ningeketi. Nilitoa karatasi, nikaitandaza mezani, nikachukua penseli nyuma ya sikio la Swaleh. Nikaandika. Sita. Tano. Mbili. Nikapiga mstari. Kumi na tatu. Jumlisha tisa, ishirini na mbili. "Na hapa," nikasema, nikiweka kidole kwenye wino, "ni saini yako, Lihanda. Mbili hii ulishuhudia." Lihanda akainama. Akasema labda kengele haikusomwa, akafungua simu yangu, akaona tiki ya kengele ipo. Akaigeuza simu ili nami niione. Nikamwambia Shikanga, "Yule mwindaji wako alikuwa na ishirini. Mwingize tena, dadu iwe sufuri." Akaingizwa. Simu ikampa kumi na saba. Shikanga alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Sasa kichwa changu kilikuwa kinakimbia na mimi nakifuata. Mimi nimepoteza mbili, yeye tatu, mwenye nyingi anapoteza nyingi. Si kitu kilichosahaulika, ni kitu kinachokata. Na kimeanza lini kukata? Nikasikia jibu juu ya mabati. "Rudi kwa Muhonja, dadu sufuri, utoe tiki ya mvua," nikamwambia Lihanda. Akatoa. Kumi na tatu. "Rudisha." Kumi na moja. Swaleh akainua macho kuelekea mabati. "Mvua ndiyo inatukula," nikasema.

Lihanda alifungua kompyuta yake, akaingia mahali alipoandika fomyula, akasoma kwa midomo. Kisha akaufunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. "Ni miwa," akasema. "Jamani, haya ni makato ya miwa." Alikuwa hajui namna ya kuandika mvua kwenye programu, akakumbuka jedwali lake la kazini lina sehemu ya mvua tayari, akainakili nzima. Miwa ikifika mizani imelowa, jedwali linapunguza kumi na tano kwa kila mia, kwa ajili ya maji na matope. Tangu Machi, kila alasiri ya Kakamega, alikuwa akitupima sisi kama trela la miwa. Shikanga akasimama. "Chatu alinimezea mtu kwa sababu ya matope?" Hapo tulicheka wote hadi Swaleh akalazimika kuzima jiko.

Kisha Swaleh akajikohoza, akarudia sauti yake ya usimulizi, akasema ishirini na mbili imeipita ishirini na moja, na kwamba Kontena ameinamisha kichwa, kengele imelia mara moja, na fahali wa wazee amegeuka akakimbia kuelekea msituni. Shikanga akanyakua jerikeni tupu akaanza kulipiga kwa mdundo wa isukuti, ngoma ya kwetu, anaimba jina la Kontena na jina la Muhonja na, sijui lilivyoingia, jina langu. Alikuwa yule yule aliyesema mwanamke hashiki kamba. Mama Rasoa akaja na kitambaa cha kanisa kichwani kuuliza kuna harusi ya nani, akaishia kucheza. Lihanda alichukua kalamu ya wino, akaandika chini ya karatasi yangu: Kumi na tatu, si kumi na moja. Akatia saini kwanza yeye, kisha akawapa wenzake. Mwindaji wa Shikanga naye alitapikwa na chatu wiki iliyofuata, akiwa na hasira nyingi.

Ingokho ilipopakuliwa, Shikanga, ambaye kwa umri alikuwa akichukua imondo, ile firigisi, kila mara bila kuuliza, aliichota kwa kijiko akaiweka kwenye sahani yangu. Mtu wa huku ataelewa. Kwetu mwanamke kula imondo ya kuku ni jambo la kuitiwa kikao. "Kula," akasema. "Leo mzee wa boma ni wewe." Niliila yote, polepole, wakinitazama. Ilikuwa ngumu na ilikuwa na chumvi nyingi, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Nilipofika nyumbani niliinua godoro nikatoa fomu.

Hayo yote niliyasoma upya Jumapili ile tuliyokutana, kwenye ile karatasi, chini ya mabati nusu. Lihanda, ambaye siku hizi anatengeneza programu za simu kwa kampuni kubwa, alinisogelea, akanionyesha simu yake. Alisema kila programu anayoiandika ina kitufe kidogo pembeni kinachofungua hesabu yote, kila tarakimu na ilikotoka. "Wateja hawajui jina lake," akasema, "lakini huko ndani, kwenye msimbo, nakiitanga Imali." Nikampiga ngumi ya bega, kwa sababu nisingempiga ningelia tena.

Nilijiandikisha Januari iliyofuata Agosti ile, nikasoma mwaka mzima na penseli ya Swaleh, nikafanya mtihani Novemba. Matokeo yalipotoka yalinijia kwa simu, nikiwa dukani, ujumbe mfupi: Hisabati, B. Mama Rasoa aliusoma begani mwangu akaanza kupiga vigelegele. Nikamwomba angoje kwanza. Nikavaa viatu, nikatembea kwenye mvua hadi shule niliyofanyia mtihani, nikawaambia nataka kuiona kwenye karatasi.